Siri Hii ni ya Nani?

Katika huduma ya ushauri kuna swali ambalo hurudi tena na tena: mtu akinieleza mambo ya nyumbani kwake, nina ruhusa ya kuyatoa nje ya mlango ule? Wengi wetu tuna jibu tayari. Siri ni siri. Mithali 11:13 inamlaumu msengenyaji na kumsifu anayesitiri jambo, na mimi nasema amina. Lakini ziko siri ambazo zikitunzwa vizuri sana, mtu anakufa.

Februari 2014, katika jimbo la Victoria kule Australia, mtoto wa miaka 11 aitwaye Luke Batty aliuawa na baba yake mzazi uwanjani, baada ya mazoezi ya kriketi. Mamake, Rosie Batty, alikuwa ameshaenda kwa polisi na kortini. Huyo baba alikuwa na waranti za kukamatwa ambazo hazikuwa zimetekelezwa. Polisi huyu alijua kipande, yule alijua kingine, korti ilikuwa na chake, na watu wa idara ya watoto chao. Hakuna aliyekuwa na picha nzima.

Mwaka uliofuata jimbo liliunda tume, na mwaka 2016 tume ikaleta mapendekezo 227. Kutokana nayo sheria ikabadilishwa. Kuanzia 2018, polisi na idara nyingine zilizotajwa zinapeana habari ili kupima hatari iliyo mbele ya mama na watoto. Na hapa ndipo sheria hiyo ilinishika: mwenye kupiga haombwi ruhusa. Anayepigwa, kama ni mtu mzima, anaombwa, isipokuwa kuna hatari kubwa au kuna mtoto ndani ya hayo mambo. Yaani siri mbili za nyumba moja hazina uzito sawa.

Nilisomea biashara, mnivumilie. Hapa kwetu ukikosa kulipa mkopo, mabenki huambiana kupitia CRB, na ukienda kuomba kwingine unakuta jina lako limefika kabla yako. Hakuna anayesema benki zinasengenya. Tunaona ni sawa pesa za watu zilindwe hivyo. Sasa mtu akimkaba mkewe koo, mzee wa kanisa anajua, jirani anajua, daktari ameona shingo, na kila mmoja amenyamaza kwa heshima. Kwani shingo ya dada yetu ina thamani ndogo kuliko mkopo wa simu?

Kupima hatari si kukisia. Wanaofanya kazi hiyo huuliza mambo maalum: Amewahi kukukaba? Ametishia kukuua, au kujiua? Anakufuatafuata? Ana silaha? Una mimba? Mmetengana hivi karibuni? Hilo la mwisho hutushangaza, maana sisi mama akihama tunashukuru Mungu kwamba yamekwisha, kumbe wakati wa kuondoka ni kati ya nyakati za hatari zaidi.

Soma 1 Samweli 19. Sauli anamwapia Yonathani kwamba Daudi hatauawa. Kiapo kizuri, kwa jina la Bwana. Sura haijaisha, mkuki uko ukutani. Yonathani alitoa siri ya babake mzazi, naye Mikali akamwambia mumewe usiku huohuo atoroke, na sijawahi kusikia mhubiri akiwaita wasengenyaji. Kisha sura ya 24, Sauli analia machozi, anakiri kosa. Daudi anamsamehe kabisa. Lakini Sauli akaenda nyumbani kwake, na Daudi akapanda ngomeni. Tunapopatanisha wanandoa kwa sababu bwana amelia mbele ya madhabahu, tukumbuke huyo alipanda ngomeni.

Hata hivyo kusema ovyo pia kunaua. Dada anaeleza mzigo wake Jumatano, Ijumaa umekuwa ombi kwenye kikundi cha WhatsApp cha watu 40, na mmoja wao ni binamu ya mumewe. Hao 40 hawawezi kumkinga, ila wanaweza kumfikishia bwana habari kwamba mkewe anapanga kuondoka. Mimi naona tofauti iko hapo: unayemwambia ana uwezo gani wa kusaidia? Dawati la jinsia pale polisi lina uwezo. Simu 1195 inaweza kumwelekeza. Korti, kwa sheria yetu ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, inaweza kutoa amri ya ulinzi.

Ndugu mmoja aliniuliza: Pasta, wanaume wakijua utasema, nani atakuja kutubu? Swali lake ni zito, na huenda wengine hawatakuja. Lakini afadhali ajue mapema. Kwa hiyo anayeketi ofisini kwangu atasikia hivi kabla hatujaomba: yote yatabaki hapa, isipokuwa yale yanayotishia uhai wa mtu, au mtoto. Dada naye nitamuuliza angependa nani ajue, na ni namba gani ya simu ambayo ni salama kumpigia, kwa sababu kuna simu nyingine mumewe ndiye hupokea.