Chombo Kisichobeba Kitu

Swali la iwapo chombo hubaki kuwa chombo pindi kinapoacha kutumika linapata uzito katika kazi za Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kuhamia Uingereza mwaka 1971. Katikati ya miaka ya 1970, katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nigeria, mji unaoitwa leo Suleja, alijifunza kwa wanawake, akiwemo Ladi Kwali, kufinyanga bila gurudumu. Vyombo vyake huinuliwa kwa mkono, hupakwa urojo wa udongo laini, husuguliwa hadi ving'ae, kisha huchomwa: moto wenye hewa ya kutosha huvipa wekundu, na moto ulionyimwa hewa huvifanya vyeusi. Havipikiwi wala havitekewi maji; hata hivyo shingo, tumbo na mdomo wake hukumbusha mwili wa binadamu, ambaye Biblia na Kurani zafundisha kuwa aliumbwa kwa udongo. Kwa hiyo thamani ya chombo haimo katika matumizi pekee, bali pia katika uwezo wake wa kumfanya mtu atafakari asili yake. Na jamii inayomhesabu mfinyanzi kuwa mtengeneza vyungu vya jikoni tu inamdhulumu.