Haki ya Mfanyakazi na Amri ya Mahakama

Ndugu msomaji, je, Mwislamu aliyedhulumiwa kazini aweza kukataa kufanya kazi?

Tarehe 30 Julai 2012 walimu wa shule za serikali nchini Tanzania, wakiitwa na Chama cha Walimu, waligoma wakidai nyongeza ya mishahara na posho. Tarehe 2 Agosti Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iliamua kwamba mgomo huo haukufuata sheria, nao wakatakiwa kurudi kazini. Hata hivyo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiukatazi kila mgomo. Huuwekea masharti, yakiwamo usuluhishi kwanza, kura na notisi ya saa 48.

Utasema: amri ya hakimu haijazi chungu cha mwalimu. Ni kweli. Ndiyo maana Uislamu humkabili kwanza mwenye kuajiri. Mtume Muhammad s.a.w. aliagiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na akatujulisha kwamba Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa mshitaki wa anayetumikisha mtu kisha akamnyima ujira. Tena kabla ya kupewa utume aliingia katika Hilful-Fudhul, mapatano ya watu wa Makka ya kumsaidia aliyedhulumiwa mpaka apate haki yake. Basi kuungana kwa ajili ya haki si dhambi.

Lakini Kurani Tukufu yatuamrisha kutimiza ahadi. Hapo ndipo penye mizani. Kibarua wa Ndama, huko Karagwe, aliyepalilia mibuni na migomba kwa ujira wa siku asilipwe, akikataa kurudi kesho hakuvunja ahadi yoyote. Aliyeivunja ni mwenye shamba. Bali aliye bado katika mkataba na anayepokea mshahara, akiacha kazi ili kushurutisha, mara nyingi humwumiza asiyehusika. Mtoto aliyekaa darasani bila mwalimu hakupanga mshahara wa mtu.

Kwa hiyo Jumuiya yetu hufundishwa kujiepusha na migomo, na kudai haki kwa majadiliano, kwa mahakama na kwa dua. Kutii amri si kukiri kwamba hakimu hakosei. Rufani ipo, na mlango wa kujiuzulu u wazi.

Nawe uliyeajiri, usijifiche nyuma ya utii wa mtumishi wako. Anayenyamaza kwa kumcha Mungu amekwisha kukushitaki Kwake.

Mwenyezi Mungu atujalie uadilifu. Amin.