Je, Upendo Waweza Kumponya Mlevi?

Msichana akionywa na wazazi wake kwamba mchumba wake ni mlevi, mara nyingi hujibu, "Akiisha kunioa ataacha." Na mke aliyekwisha olewa na mtu wa namna hiyo huambiwa na majirani, "Mpende zaidi, mama, atabadilika." Maneno haya ni matamu masikioni, lakini je, ni ya kweli? Yafaa tuyapime vema, maana jibu likikosewa hapotei mtu mmoja tu, bali nyumba nzima na watoto waliomo.

Kiko kitabu cha hadithi cha Kiingereza kinacholishika swali hili kwa nguvu. Jina lake ni The Tenant of Wildfell Hall, nacho kilipigwa chapa mwaka 1848. Mtungaji alijiita Acton Bell, lakini kwa kweli alikuwa mwanamke, Anne Brontë, binti wa kasisi wa Haworth katika nchi ya Yorkshire, Uingereza. Habari za ulevi hakuzipata kwa kusikia tu. Ndugu yake Branwell, kijana mwenye kipawa cha kuchora na kutunga mashairi, alikuwa amenaswa na pombe na afyuni. Mwaka 1845 alifukuzwa katika kazi ya kufundisha mtoto wa tajiri, akarudi kwa baba yake, na dada zake watatu wakamwona akiharibika siku kwa siku. Alikufa Septemba 1848, mwenye umri wa miaka 31, miezi michache tu baada ya kitabu kutoka. Nyumba ile haikupungukiwa na upendo; hata hivyo Branwell hakupona.

Katika hadithi yuko msichana aitwaye Helen, aliyempenda Arthur Huntingdon, kijana mzuri wa sura, mcheshi, mwenye mali. Shangazi yake alimwonya. Helen mwenyewe aliyaona makosa ya kijana, lakini alijiambia kwamba yeye ndiye atakayemtoa katika njia mbaya. Wakaoana. Haukupita muda, Huntingdon akashika safari za London, akikaa huko na kunywa na rafiki zake, kisha akirudi amedhoofu. Helen humwuguza, naye akipata nguvu huenda tena. Baadaye alifanya uzinzi na mke wa rafiki yake, na mwisho akamfundisha mtoto wao mdogo kunywa mvinyo na kutukana, huku wageni wakicheka.

Hapo ndipo Helen alipoazimu kukimbia na mtoto. Mume alipogundua shauri lile alimnyang'anya fedha, akavichoma vyombo vyake vya kuchorea. Hata hivyo hatimaye aliponyoka, akajificha katika nyumba kuukuu chini ya jina jingine, akapata riziki kwa kuuza picha. Msomaji wa leo aweza kuuliza, "Mbona hakushitaki?" Katika Uingereza ya siku zile, fedha aliyoichuma mke ilihesabiwa kuwa ya mume, na mke aliyetoroka hakuwa na pa kusimama mbele ya sheria. Ni sheria ya mwaka 1882 iliyowapa wake haki kamili ya kushika mali yao.

Sasa tuulize: upendo wa Helen ulipungukiwa na nini? Nadhani haukupungukiwa na kitu. Ila iko kazi moja ambayo mtu hawezi kumfanyia mwenziwe, nayo ni kutaka. Mke aweza kumpikia mumewe, kumwuguza, na kulipa madeni yake. Lakini hawezi kukataa kikombe kwa ajili yake.

Mtungaji ameweka watu wawili wengine kando ya Huntingdon ili tulione jambo hili wazi. Wa kwanza ni Lord Lowborough. Alipoteza mali yake katika kamari, akaapa kuiacha. Akaangukia pombe, kisha afyuni. Rafiki zake walimcheka alipojaribu kujizuia, wakamsukumia bilauri. Lakini mwenyewe alichoka na utumwa wake, akashindana nao mpaka akautoka. Baadaye aligundua kwamba mkewe ndiye aliyezini na Huntingdon. Uchungu ule ungalitosha kumrudisha kwenye chupa, naye hakurudi.

Wa pili ni Hattersley, mlevi mkali, mwenye mke mpole aitwaye Milicent, aliyenyamaza katika kila jambo. Mume akadhani kwamba mke haumii. Ni Helen aliyemwambia kweli na kumwonyesha barua za Milicent. Naye alipozisoma alitahayari, akageuka, akawa baba mwema. Tazameni, basi: kimya cha mkewe hakikumwokoa; kweli ndiyo iliyomshitua.

Huenda mtu akanijibu, "Mwalimu, je, hatukufundishwa kwamba upendo huvumilia?" Naam, tulifundishwa hivyo, wala siyakani. Lakini kumvumilia mtu si kuuvumilia uongo wake. Mke anayetangaza kwamba mumewe ana homa, hali amelewa. Mama anayeuza kuku ili kulipa deni la kilabuni. Hawa hudhani wanapenda, kumbe wanaulisha ugonjwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Kadhalika mtoto hana kosa lolote hata alipe deni la baba yake kwa roho yake.

Wala Helen hakuacha kupenda alipoondoka. Aliposikia kwamba Huntingdon ameanguka na farasi na hali yake ni mbaya, alirudi kwa hiari yake akamwuguza. Lakini kabla ya kumruhusu amwone mtoto, alimtaka atie sahihi hati ya kumwachia yeye malezi ya mtoto. Rehema na mpaka vilikaa pamoja katika moyo mmoja. Huntingdon alikufa katika hofu, hakuponywa. Naye Helen alibaki na jeraha: kwa muda mrefu hakuwaamini watu, wala hakumwacha mwanawe atoke machoni pake. Mwanamume mwema aliyempenda baadaye, Gilbert Markham, alipaswa kungoja na kuheshimu jeraha lile kabla ya kuoana naye.

Yale aliyoyaandika Anne yamethibitika tangu hapo. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, walevi wawili, Bill Wilson na tabibu Robert Smith, walianza chama kiitwacho Alcoholics Anonymous. Hatua yao ya kwanza ni mlevi kukiri kwa kinywa chake kwamba ameshindwa na pombe. Kisha wenziwe waliopita njia ile humshika mkono. Mwaka 1951 Lois, mke wa Wilson, alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha jamaa za walevi, kiitwacho Al-Anon. Huko hufundishwa kwamba si wao waliouleta ugonjwa, wala hawawezi kuuponya kwa nguvu zao. Matabibu nao wanatuambia kwamba aliyekunywa sana kwa miaka mingi asikatizwe pombe ghafula bila msaada wao, maana yaweza kumletea hatari ya kufa.

Basi jibu langu ni hili. Upendo peke yake haumponyi mlevi, lakini waweza kumwambia kweli, kumlinda mtoto, na kuacha mlango wazi kwa siku atakayotaka mwenyewe kuinuka. Msichana asiolewe na ahadi. Na aone kwanza miezi mingi ya kiasi. Mke anayepigwa asiambiwe kwamba kukimbilia kwa wazazi wake ni kukosa upendo. Nasi majirani, mtu aliyeacha pombe akipita karibu na mtungi wetu, tusimwite kwa mzaha. Lowborough aliponea chupuchupu katika mikono ya rafiki wa namna hiyo.