Jicho Linalopima ili Kuponya

Somo: Marko 3:1-6

Katika somo la juma hili mtu mwenye mkono uliopooza yumo ndani ya sinagogi, na macho mengi yako wazi. Wapo wanaovizia waone kama Yesu ataponya siku ya sabato, wapate neno la kumshitaki. Kwao ugonjwa wa yule mtu ni ushahidi tu. Yesu naye anautazama mkono uleule, anamwita mwenyewe asimame katikati, anamwambia aunyoshe. Mkono ukapona.

Macho hayo ya namna mbili yanatuhusu sana, na kazi ya wataalamu wa tiba ya viungo inatusaidia kuyaelewa.

Bega ndilo kiungo chenye mwendo mpana kuliko vyote mwilini. Kwa miaka mingi hospitali nyingi zimelipima kwa alama za Constant na Murley, zilizochapishwa mwaka 1987: maumivu 15, shughuli za kila siku 20, mwendo 40, nguvu 25, jumla 100. Lakini kipimo hicho huchukua dakika chache mbele ya daktari, na mbele ya daktari nani asiyejikaza? Mama anaambiwa ainue mkono. Anauinua, huku amepandisha bega hadi karibu na sikio na kiwiliwili kimelalia upande. Mkono umefika juu, lakini bega lenyewe bado.

Hapo ndipo vihisi vya mwendo vinaposaidia. Ni vifaa vidogo kama kiberiti: kimoja hufungwa kwa mkanda juu ya kiwiko, kingine hukaa kifuani, na pengine cha tatu hubandikwa kwenye mfupa bapa wa bega. Vinahisi kuongezeka na kupungua kwa kasi, na mzunguko pia, kisha programu inakokotoa mkono umeinuka kiasi gani na mwili umeegemea kiasi gani. Mwaka 2007 Brian Coley na wenzake, huko Lausanne, Uswisi, walichapisha utafiti wa kupima kwa vihisi nafuu ya mabega yaliyofanyiwa upasuaji. Tena mgonjwa anaweza kurudi navyo nyumbani. Anapofunga kitambaa kichwani, anaposhusha sufuria rafuni, inajulikana kama mkono ulioweza kuinuka hospitalini unafanya kazi, au umeachwa tu kwa kuogopa maumivu.

Mtaalamu mwema akiyaona hayo hamgombezi mgonjwa. Anajua kwamba mwili umejitafutia njia ya kuishi na maumivu. Anapanga zoezi jepesi, anaanzia pale mkono ulipofikia. Tena humuuliza, maana kihisi kinaonyesha mkono ulifika wapi, hakionyeshi uliuma namna gani.

Ndugu zangu, sisi nasi tunatazamana. Twajua nani haonekani ibadani, nani ameacha kwaya, nyumba ya nani ina ugomvi. Habari hizo tunazipeleka wapi? Zikiishia vibarazani, tumeketi pamoja na wale waliokuwa wakivizia. Wengi huinua mikono vizuri Jumapili, na Jumatatu hawawezi hata kumnyoshea ndugu mkono wa amani. Mungu anaiona Jumatatu yetu pia. Tusiogope kuonekana naye, kwa maana anayetuona ndiye anayetuponya.

Juma hili, mtembelee mmoja ambaye umekuwa ukimsema au ukimshangaa. Usitangulize shauri. Muulize siku zake zinakwendaje hapo nyumbani, kisha kaa usikilize. Ukimkuta anaumia, mshike mkono kuanzia hapo alipo.

Tuombe: Ee Bwana, unayejua maumivu tunayoyaficha, utupe macho yako. Utuondolee haraka ya kuhukumu, utufundishe kuuliza kwa upole na kusaidia kwa vitendo. Uwaponye wenye mabega mazito, na wote waliochoka kujikaza. Kwa jina la Yesu. Amina.