Usingizi wa Kuvumwani

Katika kisiwa cha Signy, katika eneo la Antaktika, ambako ardhi ya chini haiyeyuki kiangazi wala kipupwe, wataalamu wa Kiingereza walichimbua tabaka za kuvumwani, yaani vile vijimea vyororo vitandavyo juu ya mawe, wakaitwaa sehemu iliyozikwa kwa kina cha zaidi ya mita 1, wakaiweka penye nuru na joto la wastani; na mwaka 2014 wakautangazia ulimwengu kwamba baada ya wiki chache ilichipua. Iliganda zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, kabla Mtume Muhammad hajazaliwa.

Je, muda wote ule ilikuwa hai au maiti? Lau tungaliiona, tungaliihukumu mfu bila ya shaka, na hukumu yetu ingalikuwa batili, kwani mauti hayana marejeo hapa duniani, nayo imerejea. Mimi naitakidi kwamba uhai si harakati pekee, kama tulivyozoea kudhani, bali ni amana iwezayo kuhifadhika katika umbo lililotulia, pasipo dalili yoyote ya nje, hadi Mola apendapo. Wala asidhani mtu kuwa ni mimea mipya: chipukizi zile zilitoka katika mashina yale yale ya kale, wala hazikuletwa na upepo.