Je, Nia Njema Yatosha?

Mara nyingi twasema: mwenye nia njema hana kosa. Lakini tukumbuke hospitali ya misioni ya Yambuku, kaskazini ya Kongo yetu, mwaka 1976. Masista na wauguzi waliwahurumia wagonjwa kwa kweli. Kila asubuhi zilitolewa sindano tano tu. Walizisuuza kwa maji ya moto kidogo, wakamdunga mwingine. Hivyo Ebola ilienea upesi: walioshikwa 318, waliokufa 280, na Masista kati yao.

Hatuwahukumu. Sisi wagonjwa nasi (tukiri!) twapenda kudungwa kuliko kumeza vidonge. Lakini kuchemsha sindano nako ni huruma, hata safu ikiwa ndefu. Leo ziko sindano za kutumiwa mara moja. Tuombe ifunguliwe mbele yetu.