Mpira Wenye Mwenyewe

Hebu tuanze na swali ambalo kijiweni huzua vicheko kabla ya kuzua hoja: hivi kijana anaweza kwenda chuo kikuu kusomea gemu? Sisemi kutengeneza gemu, hiyo ni kazi ya wataalamu wa kompyuta na haina ubishi. Nasema mashindano yenyewe, yale ambayo timu mbili hupambana kwenye kioo na maelfu ya watu wakakaa kutazama. Mzee akisikia hivyo anasema dunia imekwisha. Kijana wa mjini anajibu kwamba mzee kapitwa na wakati. Kila mmoja anaondoka akijiona mshindi, na swali linabaki palepale.

Mimi naona wote wawili wanabishania lililo jepesi. Lililo zito nitalifikia, lakini kwanza tuyajue mambo yenyewe.

Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Robert Morris cha Illinois, kilichokuwa na makao yake Chicago, kilianza kutoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji wa League of Legends, kama vyuo vya Marekani vilivyozoea kuwapa wacheza kikapu. Mwaka 2016 Wizara ya Elimu ya China iliingiza mashindano ya gemu na uendeshaji wake katika orodha ya masomo ya vyuo vya ufundi. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Staffordshire, Uingereza, kikaanza kufundisha shahada kamili ya fani hiyo. Anayedhani kwamba kule wanafunzi wanashinda wakibonyeza vitufe, amekosea. Wanasomea kuandaa mashindano, kuyarusha hewani, kutafuta wadhamini, kuendesha timu. Kwa hiyo si shahada ya kucheza. Ni shahada ya shughuli zinazouzunguka mchezo.

Sasa tumsikilize mzee. Yeye anasema mchezo si elimu. Lakini neno letu "shule" tulilipata kwa Wajerumani, Wajerumani wakalitoa kwenye Kilatini, na Kilatini kwenye Kigiriki, ambako maana yake ya kwanza ilikuwa wasaa, yaani nafasi ya mtu asiyebanwa na kazi. Kumbe shule na mapumziko vilizaliwa nyumba moja! Tena mzee huyuhuyu, jioni utamkuta barazani ameinamia bao lenye mashimo 32 na kete 64, anapiga hesabu ambazo mwanafunzi wa kidato cha sita zingemtoa jasho. Anajua vizuri kwamba mchezo una akili. Na kama uigizaji umefundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miongo kadhaa na mbingu hazijaanguka, hatuwezi kukataa fani kwa sababu tu inafurahisha.

Tumsikilize na kijana. Yeye anasema mshiko upo, na hasemi uongo. Mwaka 2019 Kyle Giersdorf, kijana wa Kimarekani wa miaka 16, alishinda Kombe la Dunia la Fortnite akaondoka na dola milioni 3. Sawa bwana, lakini kijana yule alikuwa na shahada gani? Lee Sang-hyeok wa Korea Kusini, anayejulikana kama Faker, aliacha sekondari akaingia kwenye timu, na mwaka huohuo wa 2013 akawa bingwa wa dunia wa League of Legends. Kufikia 2024 alikuwa amelitwaa taji hilo mara tano. Upande wa pili wa sarafu yuko Jian Zihao wa China, aitwaye Uzi, aliyetangaza kustaafu mwaka 2020 akiwa na miaka 23, akitaja afya yake, ukiwemo ugonjwa wa kisukari. Baadaye alirejea kucheza, lakini funzo lilishapatikana: katika kazi hii mtu anaweza kuitwa mzee kabla hajaota mvi hata moja. Anayetaka kuwa Faker hana haja ya chuo, na anayekwenda chuo hatakuwa Faker. Atakuwa mtu wa pembeni mwa uwanja.

Kuwa pembeni mwa uwanja si aibu. Watangazaji, waandaaji, wahasibu na mafundi wa mitambo wote wanakula kwa jasho lao. Shida ni kwamba uwanja wenyewe unatikisika. Mashindano makuu ya Dota 2 yalikuwa na zawadi ya zaidi ya dola milioni 40 mwaka 2021. Mwaka 2023 zawadi hiyo ilikuwa kama milioni 3 tu. Ligi ya Overwatch ilianza kwa vishindo mwaka 2018, ikafika mwisho mwaka 2023. Aliyeanza kusomea fani hii ligi ile ikiwa changa, akapoteza mwaka mmoja au miwili kutafuta ajira, aliikuta inafunga virago.

Hapo ndipo lilipo lile zito nililoliahidi. Ukitaka kulielewa, tazama mpira wa miguu. FIFA ikivunjwa kesho asubuhi, jioni watoto wa Manzese watacheza chandimu kama kawaida, kwa mpira wa matambara na mawe mawili ya goli. Hakuna wa kuwazuia, maana mpira hauna mwenyewe. Bao nalo halina mwenyewe. Gemu lina mwenyewe. League of Legends ni mali ya kampuni ya Riot Games, nayo Riot ni mali ya Tencent ya China. Mwenye mali akitaka kubadili sheria, anabadili. Akitaka kufunga ligi, anafunga, na hakuna mkutano mkuu wa wanachama wa kumpinga.

Si hofu ya kubuni hii. Kuanzia mwaka 2015 kampuni ya Blizzard iliendesha mashindano ya vyuo vikuu ya gemu la Heroes of the Storm, yaliyoitwa Heroes of the Dorm, na zawadi yake kubwa ilikuwa ada ya masomo. Mwaka wa kwanza walishinda vijana wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hebu fikiria furaha ya mzazi: mwanangu amecheza gemu, na ada imelipwa! Desemba 2018 kampuni hiyohiyo ikatangaza kwamba mashindano hayo, pamoja na ligi ya wachezaji wa kulipwa wa gemu hilo, hayatarudi mwaka 2019. Basi. Gemu lenyewe liliendelea kuwepo, lakini ajira za wachezaji na watangazaji wake zilikatika kwa tangazo moja.

Sasa niulize swali langu la maadili: anayeuza ndoto ana deni gani kwa anayeinunua?

Wapo watakaosema hana deni lolote. Mwanafunzi ni mtu mzima, kachagua mwenyewe. Isitoshe, kila kazi hufa. Wako wapi wale waliokuwa wakipanga herufi za risasi kwenye viwanda vya kuchapa vitabu? Hoja hii ina uzito na sitaki kuipita juujuu. Lakini kazi ya kupanga herufi iliondolewa na wakati, taratibu, na kila mwenye macho aliona. Haikuwa na mtu mmoja mwenye ufunguo wa mlango. Tena katika biashara hii ya shahada pande mbili hazilingani. Chuo kinaweza kujua wahitimu wake wangapi wamepata kazi na kazi gani. Kijana wa miaka 18 anaijua ndoto yake tu. Shahada ya Staffordshire ilipoanza, kikomo cha ada kwa mwanafunzi wa Uingereza kilikuwa pauni 9,250 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni pauni 27,750, na wengi hulipa kwa mkopo. Mwenye kujua akimnyamazia asiyejua huku akipokea fedha zake, huko si kuheshimu uhuru wake. Huko ni kuutumia.

Kwa hiyo naona deni ni mawili. La kwanza ni ukweli: chuo kiseme wazi wangapi wameajiriwa, si kupamba kitabu cha matangazo kwa picha za taa za rangi na vikombe. La pili ni kufundisha kile kinachobaki. Fundi cherehani akimfunza kijana, humwachia mkono unaoijua sindano, hata cherehani yenyewe ikiuzwa. Anayesomea mashindano ya gemu apewe hesabu za fedha, sheria za mikataba, utangazaji, na ufundi wa kusimamia umati wa watu. Vitu hivyo havina mwenyewe. Ligi ikifungwa, atavibeba aende navyo kwenye tamasha la muziki au kituo cha redio.

Nasi huku inatuhusu, tena sana. Vibanda vya PlayStation vimejaa mitaani kwetu, na wapo waliovuka mipaka. Sylvia Gathoni wa Kenya, ajulikanaye kama Queen Arrow, mchezaji wa Tekken, alisajiliwa na timu ya kigeni ya UYU mwaka 2018 akiwa bado anasomea sheria. Gemu mkono mmoja, sheria mkono wa pili. Sisemi kila mtu afuate njia hiyo, lakini yeye ligi ikifungwa ana pa kusimama.

Huenda kijana mwenzangu anayeandika mashairi ananicheka: sisi nani ametuahidi mshahara? Hakuna. Na ndiyo heshima ya kazi yetu, kwamba hatukudanganywa. Tena lugha tunayoandikia haina mwenyewe, hakuna kampuni inayoweza kuizima usiku wa manane.

Basi siku ukiletewa fomu ya kozi yoyote inayong'aa, iwe ya gemu, ya filamu au ya uandishi, usiulize kwanza kama inafurahisha. Muulize aliyeileta: wenye uwanja wakiufunga kesho, mimi nitabaki na nini mkononi? Akibabaika, muombe muda ukafikiri.